Gogo dogo la mpera: mpini kwanza, kuni baadaye



Kila mwaka mashamba yetu ya Kivu yanatupatia magogo madogo ya miti ya matunda bila sisi kuyatafuta. Upepo unaangusha mpera. Mchungwa umezeeka, hauzai tena, mwenye shamba anautoa. Mwavoka umepunguzwa matawi ili jua lifike ku maharagwe. Magogo hayo ni mafupi, ni membamba, mara mingi hayapiti unene wa paja la mtu. Fundi wa mbao akiyaona anasema: "Hii haina mbao ndani." Basi yanakatwa vipande, yanapelekwa jikoni, na kisha siku mbili hakuna kitu.

Halafu mwezi wa 9 unafika. Mvua ya msimu A imeanza, kila nyumba iko shambani, na jembe linavunjika mpini. Mwenye jembe anaenda ku soko kununua mpini na franka ambazo zingenunua mbegu ao chumvi. Kama soko ni mbali, anapoteza siku nzima ya kulima. Mara ingine mpini ule ulioko sokoni umetoka ku mti wa mapera kama ule aliochoma mwezi wa 6.

Somo hili linaeleza namna ya kutumikisha gogo dogo la mti wa matunda kwa mipini, miiko na vitu vingine vya nyumbani. Tutachukua mpera kuwa mfano mkubwa, kwa sababu unapatikana karibu kila fasi na mti wake ni mgumu. Jambo la kwanza tunalisema mapema ili tusielewane vibaya: hatufundishi kukata mti unaozaa. Mpera unaozaa unalisha watoto kila mwaka, na mpini mmoja hauwezi kulipa hasara hiyo. Tunazungumza juu ya mti ulioanguka, uliozeeka, uliopunguzwa matawi, ao vichaka vya mapera vinavyojiotea ku mipaka na kusonga shamba.

Juu ya nini mti wa nyumbani unapasuka?

Ndani ya vikundi tunasikia sana neno hili: "Muti ya mapera iko nguvu, lakini inapasuka bure." Ni kweli inapasuka. Lakini haipasuki bure, iko na sababu, na sababu hiyo mtu anaweza kuizuia.

Mti mbichi umejaa maji. Chukua mti kama mirija midogo midogo iliyofungwa pamoja, sawa fungu la majani ya kuezeka nyumba. Maji yanapanda ndani ya mirija hiyo. Gogo likikatwa, maji yanatoka haraka sana ku ncha mbili, fasi mirija imefunguka, na yanatoka polepole ku ubavu. Kwa hiyo ncha zinakauka mbele, katikati bado kubichi. Ncha zinataka kunywea, ni kusema kuwa ndogo, lakini katikati kunakataa. Hapo nyufa za kwanza zinaanza.

Kuna sababu ya pili, na hii watu wengi hawaijui. Mti ukikauka haunyweshi kila upande sawasawa. Kwa urefu haupungui karibu kitu. Kutoka moyo wa mti kwenda ku ganda unapungua kidogo. Lakini kwa kuzunguka, kufuata duara la gogo, unapungua karibu mara mbili kuliko hapo. Fikiri mtu aliyefunga mshipi ku tumbo. Mshipi unakuwa mfupi sana, tumbo linapungua kidogo tu. Mwisho mshipi utakatika. Gogo la duara ambalo moyo wake uko ndani ni tumbo lenye mshipi unaokaza: sherti lipasuke fasi moja, kutoka ganda mpaka ku moyo.

Sasa dawa inaonekana yenyewe. Kama gogo litapasuka kwa vyovyote, basi tulipasue sisi, mbele lijipasue lenyewe, na tupitishe ufa katikati ya moyo. Kipande kisichokuwa na moyo ndani yake kinaweza kunywea kwa uhuru, na hakina sababu kubwa ya kupasuka. Shikeni neno hili moja, mengine yote yanalifuata: *pasua moyo mbele moyo haujakupasulia.*

Mti gani kwa kazi gani

Miti ya matunda haifanani. Kabla ya kuanza, jueni mnacho nini mkononi.

*Mpera.* Mti wake ni mgumu, mzito, nyuzi zake ni ndogo na zimebanana. Unafaa kwa mipini ya jembe, ya shoka ndogo, ya nyundo na ya visu. Unafaa pia kwa miiko. Kasoro yake ni mbili: unapenda kujipinda wakati wa kukauka, na ukilala ku udongo wenye maji haukai siku mingi. Usiufanye kuwa nguzo ya uzio.

*Mchungwa, mlimau na mandarina.* Mti ni mgumu, wa rangi ya manjano, unalainika vizuri sana. Magogo yake ni mafupi, lakini kwa miiko, vijiko, mipini ya visu na ya patasi ni mti mzuri.

*Mwembe.* Ni wa ugumu wa katikati. Unafaa kwa viti vidogo, masanduku na mbao fupi. Unashikwa haraka na ukungu na wadudu ukiachwa mubichi. Utomvu wake unawasha ngozi ya watu wengine, na moshi wake unachoma macho na kifua. Kwa hiyo mwembe si kuni nzuri ya kupikia ndani ya nyumba. Hiyo ni sababu ingine ya kuutafutia kazi.

*Mwavoka.* Ni mwepesi, laini, unakatika kwa ghafla, na mchwa wanaupenda. Usifanye nao mpini: mpini wa mwavoka unaweza kukatika jembe likiwa hewani, na chuma kinarukia mtu. Utumikishe kwa kiti kidogo cha jikoni, ubao wa kukatia mboga, kifuniko cha mtungi, vitu visivyopokea mapigo.

*Kahawa.* Si tunda la kula, lakini tunauweka hapa kwa sababu wanamemba wengi wanakata mashina ya kahawa iliyozeeka ili yachipuke upya. Mashina hayo ni magumu na yanafaa kwa fimbo, mipini midogo na vishikio. Lakini angalisho: kama mkahawa umekufa kwa ugonjwa wa mnyauko, ule unaokausha majani yote na kuacha alama nyeusi ao za kahawia chini ya ganda, *usibebe mti wake hata kidogo.* Si kwa mpini, si kwa kuni. Ung'oe na kuuchoma palepale shambani. Ugonjwa huo uliharibu mashamba mengi ya robusta mashariki mwa Congo katika miaka ya 1990, na kubeba kuni za mikahawa iliyougua ni njia moja ya kuupeleka kwa jirani.

Siku ya kukata: kazi inayofanywa siku ileile

Gogo likilala wiki mbili ku jua, nyufa zimekwisha kuingia na somo hili halitasaidia tena. Kazi nne za siku ya kwanza ni hizi.

1. *Chagua gogo.* Tafuta shina ao tawi lililosimama wima. Tawi lililokua kwa kulala limejifunza kubeba uzito wake upande mmoja, na likikauka litajipinda. Utalijua kwa kuangalia ncha: moyo wake hauko katikati, umesogea upande mmoja. Tawi la namna hiyo lipeleke jikoni bila huruma. Acha pia fasi zenye vifundo vingi.

2. *Kata kwa urefu unaozidi.* Kama unataka mpini wa metre 1, kata metre 1 na santimetre 20. Ncha mbili zitapasuka kidogo, utazikata mwishoni. Mtu anayekata kipimo kamili leo atakuwa na mpini mfupi kisha miezi tatu.

3. *Funga ncha.* Paka ku kila ncha kitu kinachozuia maji kutoka haraka: mabaki ya rangi ya mafuta, ao nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kama hakuna, tumikisha udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, upake mzito. Hii haina nguvu kama rangi na inabidi kurudilia ikidondoka, lakini inasaidia na haina bei.

4. *Toa ganda.* Wadudu wengi wanaokula mti wanaingilia chini ya ganda. Mpera una ganda jembamba linalotoka kwa urahisi wakati mti ungali mubichi. Kisha mwezi mmoja litakuwa limeshika.

Kupasua

Hapa wengi wanauliza: juu ya nini tusitumikishe msumeno? Msumeno unakwenda fasi mkono unataka. Kabari inakwenda fasi nyuzi za mti zinataka. Mpini uliopasuliwa kwa kabari una nyuzi zinazotoka ncha moja mpaka ingine bila kukatika, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mpini uliokatwa kwa msumeno ndani ya mti uliopinda una nyuzi zinazotokea ubavuni, na siku moja utakatikia palepale.

Unahitaji shoka ao panga nzito, kabari mbili ao tatu za mti mgumu, na nyundo ya mti, ni kusema kipande cha gogo chenye kishikio.

Weka shoka ku ncha ya gogo, makali yapite *juu ya moyo kabisa.* Piga na nyundo ya mti mpaka ufa ufunguke. Ingiza kabari ku ufa, na ingine mbele yake, fuata ufa mpaka mwisho. Sasa uko na nusu mbili. Kama gogo lina unene wa santimetre 14 ao zaidi, pasua kila nusu tena katikati: uko na robo nne. Kama lina santimetre 10 hivi, baki na nusu mbili.

Kisha chukua panga na uondoe kona ya moyo ku kila kipande. Utaiona, ni mstari mwembamba wa rangi ingine. Usiuache, hata kama kipande kitapungua.

Fimbo nyembamba za mpera, zile za santimetre 3 ao 4, hazipasuliwi. Zinakaushwa nzima. Zitapata nyufa ndogo, lakini kwa kuwa ni nyembamba nyufa hazifiki mbali. Zinaweza kuwa mpini wa kazi nyepesi, fimbo ya kutembelea, ao kitundikio cha nguo.

Kwa usalama: watoto wakae mbali wakati wa kupasua. Usishike gogo kwa mguu. Usipige chuma juu ya chuma, sababu kipande kidogo kinaweza kuruka ndani ya jicho. Ndiyo maana tunasema nyundo ya mti.

Kukausha: mizani ndiyo itasema

Panga vipande juu ya vijiti, si chini ku udongo. Viwe juu santimetre 30 hivi, ndani ya kivuli, fasi upepo unapita na mvua haifiki. Ghala ya koperative ni nzuri, chini ya upenu wa nyumba pia. Kati ya safu moja na ingine weka vijiti vyembamba ili hewa ipite. Weka mawe mazito juu ya safu ya mwisho: mpera unaopenda kujipinda utakatazwa na uzito. Usianike ku jua, na usiweke juu ya moto kwa kutaka haraka. Moto unakausha nje na kuacha ndani kubichi, na nyufa tulizofukuza zinarudi.

Ni siku ngapi? Hatuwezi kutoa jibu moja, kwa sababu hewa ya kando ya ziwa si sawa na hewa ya milimani fasi kuna ukungu kila asubuhi. Vipande vyenye unene wa santimetre 4 ao 5 vinaweza kuomba miezi miwili ao mitatu, na fasi za baridi zaidi ya hapo. Lakini kila koperative ina chombo kinachotoa jibu: mizani ya kupimia mazao.

Chagua vipande viwili, andika namba juu yake. Pima kilo zake siku ya kwanza na uandike ndani ya kayé. Pima tena kila wiki. Mwanzoni utaona uzito unashuka haraka, kisha polepole. Uzito ukikaa palepale wiki tatu za kufuatana, bila mvua kubwa kubadilisha hewa, mti umekauka kwa kipimo cha fasi yenu. Kabla ya hapo, usichonge mpini wa mwisho. Kwa mizani ya kilo nyingi ambayo haionyeshi gramu, pima vipande kumi pamoja.

Anayetaka mipini mwezi wa 9 asingoje mwezi wa 8. Magogo ya mwezi wa 1 na wa 2 ni mazuri zaidi. Ya mwezi wa 5 bado yanaweza kufika, kwa sababu kiangazi kitasaidia.

Kuchonga na kufunga mpini

Makosa ambayo yanaharibu jina la mpera yako hapa. Mtu anakata tawi leo, analichonga leo, analiingiza ndani ya tundu la jembe leo. Linaingia vizuri, limekaza. Kisha wiki tatu jembe linacheza. Anasema mpera ni mbaya. Lakini mpera haukufanya kitu kibaya, ulikauka tu ndani ya tundu, ukanywea, na chuma hakikunywea pamoja nao.

Kama jembe lako si la tundu bali ni la mkia unaochomekwa ndani ya mpini, hatari ni ya upande mwingine: mti mubichi ukinywea juu ya chuma kisichopungua, unapasuka ku kichwa. Namna zote mbili zinaomba mti mkavu.

Chonga na panga ao tezo mpaka karibu na kipimo, kisha malizia na kisu ao kipande cha kioo kilichovunjika kwa kukwangua, mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Kwa fasi ya kushika, unene wa santimetre 3 na nusu unatosha watu wengi. Lakini pimeni mpini ku mikono ya yule atakayelima nao. Ndani ya nyumba nyingi mwenye kupalilia siku mingi ni mama, na mpini mnene uliochongwa kwa mkono wa fundi mwanamume unamchokesha bure. Hiyo ni faida ambayo mpini wa sokoni hauna: huu unafanywa kwa ajili ya mtu mwenye jina.

Angalieni nyuzi mara ya mwisho. Zikitokea ubavuni karibu na kichwa, mpini huo si wa jembe wala shoka. Ufanyeni ufagio.

Miiko na vitu vidogo

Mwiko unafuata njia ingine. Unachongwa mti ungali *mubichi,* kwa sababu mpera ukikauka unakuwa mgumu kwa kisu. Tumia vipande vifupi vya robo ambavyo havikutosha mpini, bila moyo. Chonga umbo, acha unene kidogo kuzidi. Kisha weka miiko ndani ya mfuko wa karatasi ao ndani ya maranda yake yenyewe, fasi ya kivuli, wiki mbili ao tatu, ili ikauke polepole. Kwa kuwa ni myembamba inakauka sawasawa. Halafu malizia kwa kisu na msasa.

Ku mwiko usipake rangi, wala mafuta ya motere yaliyotumika, wala dawa yoyote ya wadudu. Hivyo vinaingia ndani ya chakula. Mafuta ya ngazi nayo hayafai: hayakauki, yananata na kutoa harufu. Mwiko wa mpera unaweza kubaki bila kupakwa kitu. Anayetaka ung'ae apake nta safi ya nyuki kidogo na kuusugua na kitambaa. Usichonge mwiko na mti usioujua: miti mingine ina sumu, na uji wa mtoto si fasi ya kujaribu.

Vipande vingine vinaweza kuwa vishikio vya milango, vitundikio vya nguo, mipini ya visu, vitana, na pia vijiti vya kufungia mifugo. Vijana wenye mkono mwepesi wanaweza kuanza na vitundikio, ni kazi ya kujifunza isiyopoteza mti mwingi.

"Tutapika na nini?"

Hili ni swali la mama wa nyumba, na ni swali la haki. Kuni ni shida ya kila siku. Watu wanatembea mbali kuzitafuta, ao wananunua makala, na karibu na mbuga ya Virunga watu wamepoteza maisha kwa ajili ya makala. Hatuwezi kumwambia mama kwamba gogo lake sasa ni la fundi. Kwa hiyo tufanye hesabu pamoja, juu ya gogo moja.

Gogo la mpera lenye urefu wa metre 1 na santimetre 20, na unene wa santimetre 14, likiwa bichi lina karibu kilo 18. Linatoa robo nne, ni kusema mipini minne. Je, mipini hiyo minne inachukua mti kiasi gani? Mpini wa duara wa santimetre 3 na nusu ni karibu *robo moja tu* ya kipande chake. Robo tatu zinabaki: kona za moyo, mabanzi ya panga, maranda, ncha zilizokatwa. Zote zinakauka haraka kuliko gogo nzima, zinawaka vizuri, na zinatoa moshi kidogo kuliko kuni mbichi.

Basi jiko halipotezi gogo. Linatoa robo moja na kubaki na robo tatu zilizo kavu. Na ile robo moja imekuwa mipini minne. Kila koperative iweke bei ya soko lake: *bei ya mpini mmoja mara nne,* kisha mlinganishe na bei ya kuni zinazopimwa robo ya kilo 18. Hatuandiki bei hapa kwa sababu Butembo si Kalehe, na mwezi wa 9 si mwezi wa 3. Fanyeni hesabu yenu wenyewe ubaoni, mbele ya wanamemba wote. Na mipini ikiuzwa, koperative iamue mapema: mwenye mti anapata kiasi gani, aliyepasua na aliyechonga wanapata kiasi gani, sanduku linabaki na nini. Ugomvi mwingi unazaliwa kisha kuuza, si mbele.

Shina linalobaki shambani

Mpera uliokatwa haufi kwa urahisi. Shina linachipuka, na mizizi nayo inatoa machipukizi. Mkiliacha hivyo, kisha miaka michache mtakuwa na kichaka kinachosonga mihogo. Mkilichunga, mtakuwa na shamba dogo la mipini.

Chagua machipukizi mawili ao matatu yaliyonyooka ku kila shina, toa mengine. Kata matawi madogo ya chini mapema yakiwa membamba kama kidole, ili vifundo visiingie ndani ya mti. Chipukizi linalosongwa kidogo na majani pembeni linatafuta jua na kunyooka. Ukitaka matunda pia, acha shina moja lipanuke na kuzaa, na mengine yawe ya mipini. Kwa njia hiyo mnakata mti mwembamba kila baada ya miaka michache bila kungoja upepo uangushe ule mkubwa, na bila kuingia msitu wa mtu mwingine.

Kazi ya kikundi mbele ya mkutano unaokuja

1. Kila mwanamemba ahesabu majembe ya nyumba yake, na mipini aliyonunua ao kubadilisha mwaka uliopita. Karani aandike jumla.

2. Tembeeni mashamba matano. Andikeni miti ya matunda iliyoanguka, iliyozeeka, ao inayohitaji kupunguzwa matawi. Wekeni alama ku ile yenye ugonjwa, isichanganywe.

3. Chagueni gogo moja la mpera. Kateni vipande viwili sawasawa. Kimoja mkipasue katikati ya moyo na kupaka ncha, kingine mkiache duara bila kupaka kitu. Viwekeni pamoja ghalani. Kisha wiki sita viangalieni wote pamoja, na kila mmoja aseme macho yake yanaona nini.

4. Jibuni kwa pamoja: juu ya nini mpini mubichi unalegea ndani ya tundu la jembe? Juu ya nini kabari ni bora kuliko msumeno kwa mpini? Gogo la kilo 18 linaacha kuni kiasi gani kisha kutoa mipini?

Kayé ya mizani, na ile hesabu ya majembe, zije nazo ku mkutano. Kwa hesabu hizo koperative itajua ianze na mipini mingapi kabla ya mvua ya mwezi wa 9.